Cheti Changu, Kosa Langu

Kaka Athumani,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono wangu umekataa kuanza kwa neno jingine. Hata siku ile tulipokuzika hapa Jomvu Kuu niliinama nikakuamkia kimyakimya, watu wakidhani nasoma dua.

Huu ni mwezi wa tano tangu ututoke. Mama yu mzima, ila macho yazidi kumsumbua. Mkeo Rukia ametoka eda. Binti yako Mwanaidi ametimiza miaka kumi na miwili, na miguu imekuwa mirefu kama yako. Na uhuru umekuja, kaka. Bendera mpya imepandishwa hata pale kiwandani Changamwe, na yule meneja Mzungu amekwenda zake. Ulikuwa ukiingoja sana siku hiyo. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu.

Lakini sikuandikii kwa habari hizo. Nakuandikia kwa sababu ya ile mota.

Nilipoajiriwa kiwandani wewe ulikuwa na miaka kumi na minne mle ndani. Ulizijua mashine zote za kukamulia mafuta ya nazi, na hukuwa na karatasi hata moja. Shule uliiacha baba alipofariki, ukaenda kazini ili mimi nisome. Chuo cha ufundi kule kisiwani ulinipeleka wewe, nyuma ya baiskeli yako, mpaka nikazoea njia. Nilipotoka na cheti wakanifanya msimamizi wa mafundi. Msimamizi wako. Ukacheka, ukawaambia wenzio, "Mwamuona bwana mkubwa huyu? Nimemlea mie." Wewe hukuwa na kinyongo. Mwenye kinyongo nilikuwa mimi. Kila ulipogundua ubovu kabla yangu niliona nimevuliwa nguo mbele za watu.

Asubuhi ile uligusisha ncha ya bisibisi kwenye mota, mpini ukauweka sikioni, ukasikiliza. Kisha ukanijia. "Bakari, beringi ya mota hii yafa. Izime, nduyangu, tuifungue." Nikatazama mita, ikasoma sawa. Nikatazama daftari, siku ya kuifungua ilikuwa bado. Watu walikuwa wakitutazama. Nikakujibu kwa sauti, ili wasikie, "Kaka, hapa hatufanyi kazi kwa masikio."

Mchana, saa nane, beringi ikakwama. Mkanda wa mota ukakatika, ukampiga Kitsao, yule mpakiaji wa nazi kavu, ukamvunja mkono mahali pawili. Meneja akaja mbio, akauliza mota ile ni ya nani.

Nikasema, "Ya fundi Athumani."

Ilikuwa kweli. Kuitia grisi na kuiangalia kila siku ilikuwa kazi yako. Basi nikaishia hapo. Meneja akasema haya ndiyo matokeo ya kumwachia mashine mtu asiye na cheti, akakufukuza papo hapo. Wewe ulikuwa umeshika kitambaa cha kufutia mikono. Ukanitazama. Nilingoja useme, kaka. Ukakikunja kile kitambaa, ukakitia mfukoni, ukatoka. Jioni nilikukuta langoni umeningojea. "Twende zetu," ukasema, "Mama atungoja na chakula."

Ungenipiga. Heri ungenipiga.

Ukaanza kutengeneza redio na cherehani hapo barazani kwako, Mwanaidi akikushikia skrubu, na watu wakawa wanakuja kutoka Mikindani na Miritini. Nilipita kila siku, nikakuamkia, ukaitika "Marahaba" kama kawaida. Miaka miwili. Kila siku nilisema leo nitakwambia, kisha nikaona unacheka na mteja, nikapita. Halafu kikaja kile kifua, na nilipokaa kitandani kwako nikizungusha maneno mdomoni, ukaniambia nikuinulie mto. Nikauinua. Basi.

Kitsao alikuja mazikoni. Mkono wake haunyooki hata leo. Akanivuta kando, akaniambia, "Ndugu yako alikuwa mtu. Alinifuata hadi kwetu Rabai kunitaka radhi. Alisema alisikia ile mota yafa, akachelewa kuizima."

Hata hilo ulilibeba. Nililia pale mpaka nikashikwa mabega, na watu wakanisifu kwamba kweli nilikuwa nikikupenda.

Baada ya uhuru kiwanda kikatafuta mkuu wa mitambo. Tangazo lilibandikwa ubaoni, na neno la kwanza lilikuwa cheti. Meneja mpya, mwenzetu, akaniita ofisini kunipa kazi hiyo. Nikamweleza yote, tangu bisibisi mpaka langoni. Akanisikiliza, akaniuliza, "Mbona waniambia sasa?" Nikamwambia kazi hii ilikuwa yako. Akatikisa kichwa. Alisema hata ungekuwa hai asingeweza kukupa, bila karatasi sheria haimruhusu. Na mimi, kwa niliyomweleza, hawezi kunipa pia.

Wamemweka kijana mwenye shahada ya chuo kikuu. Nilijiandaa kumchukia, nikashindwa. Wiki ya kwanza alikaa na kalamu yake akapiga hesabu, akatuonyesha kwamba waya unaolisha mashine ya mwisho ni mwembamba mno na ungeweza kutuunguza sote. Mimi na wewe tulipita juu ya waya ule miaka yote. Kwa hivyo siwezi kusema masomo hayana maana. Natamani mngekutana tu. Mngebishana kutwa nzima, na kiwanda kingefaidi.

Mama nimemwambia. Alikuwa akipeta mchele. Akauweka ungo chini, akaingia ndani, na siku tatu hakunisemesha. Siku ya nne akanitumia sahani ya wali kwa mkono wa Mwanaidi.

Na Mwanaidi ndiye aliyeniuliza. Alisimama mlangoni na sahani ile, akaniambia, "Ba'mdogo, mimi nataka kuwa fundi kama baba. Baba hakuwa na cheti na alitengeneza kila kitu. Shule ya nini?"

Nikamwambia asome. Akauliza kwa nini. Nikamwambia, "Mikono ya baba yako ilitosha kwa kazi. Cheti kingemkinga na watu kama mimi."

Hakuelewa. Nikamkalisha, nikamwita mama yake, nikamweleza yote mbele yake. Rukia alijifunika uso kwa leso. Mtoto hakulia. Aliniuliza jambo moja: "Baba alijua kuwa wewe wajua kosa si lake?" Nikasema ndiyo. Akainuka, akaondoka, sahani akaiacha.

Kaka, sikuombi unijibu. Mola akurehemu, akupe nafasi na nuru huko ulipo. Mimi nimebaki na hili la kukuahidi: Mwanaidi atasoma mpaka mwisho wa kusoma, na kiwandani sitamwacha mtu yeyote, awe na karatasi au asiwe nayo, abebe kosa langu. Jumatatu shule zafunguliwa kule Changamwe. Nitampeleka mwenyewe. Asipotaka kufuatana nami, nitakwenda nyuma yake.

Nduguyo,
Bakari