Kijiti Kisichokatika

Jumanne, 12 Novemba 2024
Kijiti cha mwisho kimeingia kwenye mashine. Aloi ya nikeli, ile ya mapanga ya injini za ndege, na chembe ya seriamu, madini adimu. Kinachomwa, kinavutwa, kinaachiwa, kinavutwa — mpaka kichoke, kikatike. Kile kisicho na seriamu kilikatika mapema. Kile nilichokizidishia kilikatika mapema zaidi! Hiki ndicho nilichokipimia vizuri. Hakuna kingine. Kikipoa katikati ya jaribio, tasnifu yangu imekwenda na maji.

Alhamisi, 14 Novemba
Hakijakatika! Nafurahi, halafu naogopa. Mlio wa mashine nausikia hata nikiwa kantini. Msimamizi wangu, Dkt. Elinami, kachungulia, akasema tusishangilie, ndege hairuki kwa matumaini. Lakini alitabasamu, nilimwona.

Mama kapiga simu kutoka nyumbani, Maji ya Chai. Hans wangu na wazee wake wanakuja Jumamosi kuniposa, mbege, pombe yetu ya ndizi, imeshapikwa. Nikamwuliza kama wanaweza kuanza bila mimi. Akauliza kama nina homa.

Ijumaa, 15 Novemba
Situlii. Nimefuta meza iliyokwishafutwa. Kesho Fanuel, mwenzangu wa maabara, atabaki na mashine. Nimemwelekeza mpaka akachoka: "Dada, nenda kaposwe bwana, hii mashine siyo mtoto mchanga." Nikaaga. Nikafika getini, nikarudi kuangalia geji ya joto. Fanuel kacheka sana. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 16 Novemba
Nyumbani, chumba cha ndani. Sebule imejaa. Kwetu mbege haionjwi mpaka binti aitwe, aulizwe mbele ya wazee kama anawajua wageni hawa, na ajibu kwa kinywa chake. Nimemchungulia Hans kupitia pazia. Kapendeza! Ananipenda, nami nampenda, sidanganyi. Ila nilipokuwa namtazama nilikuwa nawaza tanuru la ile mashine.

Sasa hivi ujumbe wa Fanuel. Umeme umekatika, jenereta imegoma, joto linashuka. Kijiti bado kizima. Afanye nini?

Shangazi Nice kaingia na kitenge cha kunifunika. Anasema wazee midomo imewakauka. Nimeomba dakika moja. Anasema posa haina dakika moja, na kwamba Hans ameanza kutazama chini.

Simu inaita. Fanuel.

Nimemtoa shangazi nje, taratibu, kwa heshima zote. Nimefunga mlango kwa komeo. Anagonga. Napokea.