Shimo Nyuma ya Nyumba ya Bibi Damari

Mlali, Kongwa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Natumai barua hii imekukuta umekaa, na miwani iko machoni, si juu ya kichwa huku unaitafuta nyumba nzima. Goti linaendeleaje? Na kikohozi cha kaka Hamisi, ameenda hospitali au bado anajitibu kwa ubishi? Mimi ni mzima, ila vumbi la huku limenipasua midomo, na upepo hauna adabu, unaingia hata kwenye debe la unga.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu unaipokea kwa sauti kubwa, na jirani anapata habari zangu kabla yako. Hii ya leo sitaki aisikie.

Kwanza nijibu swali lako. Uliniuliza kama kweli nimeajiriwa au nimekuwa dada wa kazi nyumbani kwa mtu. Mama, mimi ni mlezi katika kituo cha kulelea watoto wadogo. Kituo ni cha wanakijiji wenyewe, matofali walifyatua wao na unga wa uji wanachanga wao. Wazazi wakienda kwenye alizeti asubuhi wanatuachia watoto, sisi tunaimba nao, tunacheza nao, tunawafundisha kunawa na kuomba kitu bila kumng'ata mwenye nacho. Najua Hamisi anasema nimesomea kucheza. Mwambie aje akae nao asubuhi moja tu, halafu tutaongea.

Sasa habari yenyewe. Nilipofika nilipita nyumba kwa nyumba na mlezi mwenzangu, Merina, ambaye ni mzaliwa wa hapa. Nilikuwa nauliza kuna watoto wangapi, wana umri gani, kuna asiyeongea, kuna asiyetembea. Nikajiona nafanya kazi nzuri sana. Lakini watu walikuwa wananijibu mimi huku wanamtazama Merina. Siku moja bombani mama mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hilo gari la kuchukua watoto linatokea wapi?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Wewe unanijua. Umenilea nisiamini hata saa ya ukutani mpaka niulize watu wawili. Basi nilipoona wananichunguza, na mimi nikaanza kuwachunguza.

Kuna mtoto wetu mmoja anaitwa Nyemo, ana miaka minne, mdomo wake haupumziki. Anaishi na bibi yake, Bibi Damari. Mama yake anafanya kazi Dodoma mjini, huja mara chache. Tulipopita kwao, bibi alisimama mlangoni akaujaza mlango wote, akasema mtoto ni huyu mmoja tu. Hata neno "karibu" hatukuambiwa.

Asubuhi moja nikamwona Nyemo yuko peke yake nyuma ya choo cha kituo, anachimba kwa kifuu. Akamtia mwanasesere wa matambara kwenye shimo mpaka kiunoni, akarudishia udongo, akaushindilia kwa viganja pande zote. Kisha akainama akamwambia, "Usilie, Yona. Watasikia."

Mama, niliogopa. Nikachuchumaa nikamuuliza Yona ni nani. Yule mtoto mwenye maneno kuliko kasuku akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Nikamuuliza Merina kama kwa Bibi Damari kuna mtoto mwingine. Akaendelea kukoroga uji. "Yule bibi ana mambo yake," akasema. Nikamuuliza tena, akasema kuni zimeisha, akatoka. Kuni zilikuwepo, nilikuwa nimezikalia.

Mchana nikaenda mwenyewe. Nikabisha hodi, nikasalimia "Mbukwenyi" kama walivyonifundisha, ingawa ulimi wangu wa Newala unaliumiza neno hilo. Akaitikia, akanitolea kigoda nje, akanipa maji, adabu yote. Ila kila nilipojaribu kuchungulia nyuma ya nyumba, naye anasogea. Kwenye kamba palikuwa na nguo ndogo sana, si za Nyemo. Karibu na kona ya nyumba udongo ulikuwa umechimbuliwa, bado mbichi. Nikauliza anapanda nini wakati huu wa kiangazi. Akasema, "Sipandi kitu."

Usiku ule usingizi ulikataa kabisa. Wewe ungefanya nini? Mimi kulipokucha nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, nikamtoa shambani kwake, nikamweleza kila kitu. Hata yeye uso ulimbadilika. Tukaenda pamoja, na safari hii sikubisha hodi, nilizunguka moja kwa moja.

Yona alikuwepo. Mtoto wa kiume, mnene, wa kama mwaka na nusu, kasimama ndani ya shimo mpaka kiunoni, udongo umemshika vizuri, kafungwa kitambaa kichwani kwa ajili ya jua, anapiga ardhi kwa mwiko. Aliponiona akacheka. Kisha akagundua hanijui, akaangua kilio.

Mwenyekiti akavua kofia akajipangusa. "Mwalimu," akasema, "umeniachisha alizeti kwa hili? Mtoto akichelewa kusimama anachimbiwa, miguu ipate nguvu. Hata mimi nimesimama hivyo hivyo."

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Bibi Damari hakucheka. Alimchimbua mjukuu wake taratibu, akamkung'uta udongo, akamweka mgongoni. Miguu ile, mama, ilining'inia tu, haina nguvu. Akaniuliza, "Haya, umemwona. Gari linakuja lini?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Yale maswali yangu ya nani anatembea na nani hatembei ndiyo yaliyomficha Yona. Walishaambizana kwamba wasiotembea wanaandikwa ili wachukuliwe, na Merina naye aliogopa vilevile, ila hakujua aniambieje. Nyemo akafundishwa kunyamaza, na alijitahidi, masikini, isipokuwa kwa mwanasesere.

Kesho yake Nyemo hakuja, wala siku zilizofuata. Niliumia sana. Lakini sikwambii kwamba najuta kwenda kule, maana kama shimo lile lingekuwa la aina niliyodhani, ungenilaani kwa kukaa kimya. Kinachoniuma ni kwamba miguu ile inahitaji kuonwa na wataalamu wa viungo, na mapema, na mimi ndiye niliyeufunga mlango.

Nikarudi, bila karatasi, bila mwenyekiti. Nikakaa kwenye kigoda bila kuchungulia popote. Nikamwambia shimo linamsaidia, ila peke yake halitatosha, na kwamba tukienda hospitali ya wilaya atambeba yeye mwenyewe na kurudi naye yeye mwenyewe. Nikamwambia, "Njoo kituoni ukae utuangalie. Huniamini, nami nisingejiamini." Akanitazama sana. Akasema kama nimemaliza, niende.

Jumatatu akatokea. Nyemo mbele, Yona mgongoni, jembe begani. Hakusalimia. Alizunguka uwanja mzima akachagua mahali panapoonekana geti, "gari likija nilione mimi kwanza." Akachimba, akamsimamisha Yona, akakaa pembeni, jembe kalilaza mapajani. Watoto wakaja wakakaa chini kumzunguka, wakawa kimo kimoja naye. Nyemo akasimama katikati akatangaza, "Huyu ni Yona wetu! Anajua kupiga mwiko!" Alitangaza kama aliyekuwa anapasuka.

Sasa anakuja kila siku. Ananitazama mimi, mimi namtazama yeye. Uji wa Yona anauonja kwanza. Jioni anafukia shimo lake, anabeba jembe lake, anaondoka, asubuhi anachimba upya. Kuhusu hospitali anasema bado anafikiri. Nami nasubiri amalize kufikiri, na kusubiri sipendi.

Halafu mama, nikuulize, mimi nilisimama vipi? Usinidanganye, nitamuuliza na shangazi.

Nisalimie huyo shangazi, na mjomba fundi baiskeli, na kaka Hamisi na kikohozi chake, na wifi yangu anayemvumilia. Jirani msalimie kwa sauti ya kawaida tu.

Ni mimi mwanao asiyeamini kitu,
Somoe

Nimeifungua tena bahasha, samahani kwa gundi. Leo jioni Bibi Damari ameniuliza gari la kwenda hospitali linaondoka saa ngapi. Gari, amelitaja yeye mwenyewe. Kisha akambeba Yona akaondoka, na shimo hakulifukia. Nikadhani amesahau na jembe, maana nimelikuta nyuma ya mlango wetu, nikamkimbilia nalo mpaka njiani. Hata hakusimama. "Liache hapo," akasema. "Kesho nalikuta."