Waliochungulia Picha Zangu

Nakhumicha, Debra ameniambia sasa hivi, mara tu baada ya chakula cha mchana: app yake haifungwi tena! Na ni mimi nimeiokoa. Mimi!

Si unakumbuka ile app mjukuu wangu Debra alitengeneza, ya kutuonyesha nani anachungulia picha zetu mtandaoni? Wenye mtandao walisema hiyo ni makosa, wataifunga yote. Debra akaitoa hiyo sehemu ya kuonyesha wanaochungulia, hawakumwamini. Na kazi yake yote iko hapo. Wiki nzima halali.

Leo asubuhi mkaguzi wao akampigia simu ya video, akataka kuongea na mtu anayeitumia. Debra akaniita. "Cucu, sema tu ukweli."

Si nikasema! "Kijana, hii app imeharibika. Ilikuwa inanionyesha Mzee Mbugua wa kwaya akichungulia picha yangu ya kitenge kila jioni. Sasa haionyeshi mtu! Mwambie huyu msichana airudishe!"

Debra akafunika uso.

Mkaguzi akacheka mpaka akatoa miwani. "Kumbe kweli aliitoa."

Woi, mimi nilikuwa nashtaki!

Nimemwambia Debra aniwekee tena, yangu peke yangu, kwa siri. Amelala kwenye kochi, mdomo wazi.