Sukari Iliyoshika

Jumatano. Upepo wa kusi tangu alfajiri, na rasharasha inayokuja na kuondoka. Nimerudi Magongo nimechelewa. Watoto wamekula alichopika baba yao, na mimi nimekaa jikoni na simu, sitaki kuongea na mtu. Kwa hiyo naandika.

Kwa asiyenijua: nafanya kazi maabara, katika zahanati ndogo kule Likoni. Napima damu za watu. Leo nimepima ya Mama.

Mama ana ugonjwa wa sukari tangu mimi nikiwa sekondari, na miaka yote hiyo ameutunza vizuri kuliko wagonjwa wengi wanaopita mbele yangu. Baba alikuwa akimsimamia. Baba alifariki mwaka jana. Tangu hapo, kila Ijumaa nikitoka kazini nampitia Mama nyumbani kwake Mtongwe, naketi kidogo, kisha nakimbilia feri.

Ijumaa zote hizo nilimwona mzima.

Ila siku za karibuni amekuwa akinipa sindano nimtungie uzi. Anasema macho yamezeeka. Mara nyayo zamwaka moto, mara vidole vya miguu vina ganzi. Nilimweleza Kadzo, daktari wetu pale zahanati, akaniambia nimlete haraka.

Basi leo asubuhi akaja, amejifunga leso mpya, ananukia asumini, anasalimiana na kila mtu kwenye benchi kana kwamba amealikwa. Nikamtoboa kidole. Sukari ilikuwa juu sana.

Akacheka. "Jana kulikuwa na harusi kwa jirani. Nimekula halua, na asubuhi nimeimalizia. Kipande tu, wallahi. Usinitazame hivyo."

Nilimwamini. Nilitaka sana kumwamini.

Lakini kidole hutoa habari za saa ile ile tu. Kuna kipimo kingine, kinachotoa habari za miezi. Nitakieleza kama ninavyowaeleza wagonjwa, kwa sababu leo kila kitu kimetokana nacho. Sukari ikizidi kwenye damu hujishika kwenye chembe nyekundu. Mwanzo hujishika kilegevu tu, kama mtu aliyeegemea mlango. Sukari ikishuka, huachia ikaenda zake. Hiyo ndiyo sehemu legevu. Lakini ikikaa hapo siku nyingi hubadilika, ikawa kitu kimoja na chembe, na hapo tena hakuna wa kuitoa. Hiyo ndiyo sehemu imara. Hiyo haijali asubuhi ulikula nini.

Kifaa chetu ni cha zamani. Sukari ya mtu ikiwa juu wakati anapotolewa damu, kifaa huweza kuhesabu legevu na imara pamoja, kikatoa jibu kubwa kuliko ukweli.

Kipimo cha Mama kilitoa jibu kubwa. Kadzo alilitazama, kisha akanitazama mimi.

"Ioshe urudie," akasema. "Huenda ni hiyo halua."

Nikamwambia Mama aende nyumbani, nitampigia. Nikazichukua chembe zake, nikaziosha kwa maji ya chumvi, nikaziacha humo kwenye joto kama la mwili, ili ile sukari legevu ipate muda wa kuachia. Hakuna la kufanya hapo ila kungoja. Nikapima mikojo ya watu wengine. Nikapanga neli zilizokuwa zimeshapangwa.

Sijawahi kuomba dua juu ya neli ya damu. Leo niliomba.

Mchana nikafungua chakula changu, nikaiweka simu mezani, skrini juu. Hiyo ni desturi iliyonibakia. Baba alikuwa akinipigia saa hiyo kila siku. Alikuwa fundi wa cherehani, mtu wa maneno machache, na simu yake haikuwa na salamu ndefu. "Mamako amekunywa dawa. Wewe umekula?" Nikisema nimekula, akakata. Zamani niliona ni simu isiyo na maana. Siku nyingine nilijibu huku natafuna.

Nina hamu na Baba. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Alasiri nikazipima tena zile chembe. Jibu lilishuka kidogo. Kidogo tu. Halua ilikuwepo kweli, Mama hakunidanganya. Lakini chini ya halua kulikuwa na miezi mizima ya sukari, imeshika, haikutikisika.

Kadzo alivuta kiti akaketi. "Mwanasha, huyu anakula sukari kila siku, na si ya kuonja. Itabidi aanze sindano za insulini. Lakini kama hatujui anakula nini, sindano itakimbizana na sukari tu, na hayo macho hayatangoja." Kisha akaongeza, "Nenda ukaone mwenyewe. Usimpigie kwanza."

Nikapanda tuktuk hadi Mtongwe. Njiani nilitunga hotuba nzima: juu ya figo, juu ya miguu inayokatwa, juu ya wajukuu wanaomhitaji. Nilikuwa na hasira. Ilikuwa hasira ya mtu anayeogopa, lakini ilikuwa hasira.

Mlango ulikuwa wazi. Nikapiga hodi, nikapita hadi ua wa nyuma.

Mama alikuwa ameketi mkekani, birika la chai pembeni, kopo la sukari limefunguliwa. Mbele yake kikombe chake kidogo, kitupu. Mkononi ameshika kile kikombe kikubwa cha bati, chenye ukingo wa buluu uliobanduka. Kikombe cha Baba.

"Karibu," akasema, kisha akatambua ni mimi, na leo si Ijumaa. Akakiweka kikombe chini polepole.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kuna nini? Watoto wazima?"

"Wazima. Mama, hiyo ni chai ya nani?"

"Ya babako."

Alisema hivyo tu, kama vile nimeuliza mlango ule ni wa nani.

Nikavua viatu nikaketi. Hotuba yangu sikuiona ilikokwenda. Mama akaanza kusema bila kuulizwa, macho yake kwenye birika.

"Nilipokuwa ndani, kwenye eda, ile alasiri ya kwanza watu walipotawanyika, nikateleka chai. Mkono wenyewe ukamimina vikombe viwili. Chake na vijiko vitatu vikubwa, kama alivyopenda. Sikujua nimefanya nini mpaka nikakiona. Nikakitazama hata kikapoa. Nikaenda kukimwaga pale mgombani, nikajiona kama namfukuza nyumbani kwake." Akakigusa kile kikombe. "Siku ya pili sikumwaga. Nikanywa."

"Kila siku, Mama?"

"Kila alasiri. Dawa nanywa, na changu sitii sukari, wanijua. Ni hiki tu." Akaninyanyulia macho. "Sasa wataka nimwage?"

Nikakitazama kile kikombe.

Akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefumaniwa, "Damu yangu imekwambia hayo yote?"

"Imeniambia sukari tu, Mama."

Nikamweleza taratibu ile sukari inayoegemea ikaondoka, na ile inayoshika. Nikamwambia ya halua imeondoka kwa kuoshwa, lakini iliyobaki ni nyingi, na ndiyo inayomla macho na nyayo. Alisikiliza vizuri kuliko wanavyosikiliza wagonjwa wangu.

"Hiyo iliyoshika haitoki kabisa?"

"Haitoki. Hukaa na chembe yake mpaka chembe yenyewe ife. Lakini mwili hutengeneza nyingine mpya kila siku. Ukiacha kuongeza, zile za zamani humalizika zote."

"Kwa muda gani?"

"Kama miezi minne."

Mama akatazama mikono yake.

"Kama eda," akasema.

Miaka yote hii maabara, sikuwahi kuliona hilo.

Nikajaribu kusema apike tu chai ya Baba bila sukari. Akatikisa kichwa. "Hiyo haitakuwa yake. Babako angeirudisha jikoni." Tukacheka kidogo wote wawili, kwa sababu ni kweli, alikuwa akiirudisha.

Kikombe kilikuwa kimebaki nusu. Nikakichukua, nikanywa. Imekaribia kupoa, tangawizi inauma kooni, na utamu mzito wa kushikana meno. Hiyo ndiyo chai aliyokuwa akiinywa Baba kila siku ya maisha yangu, na mimi sikuwahi kuionja. Nilikuwa nikimletea tu. Nilikuwa nikiosha tu kikombe.

Nikaanza kulia. Si kile kilio cha heshima nilicholia matangani, cha kufuta macho kwa ncha ya buibui huku nahesabu sahani za biriani. Nililia mpaka nikalaza kichwa mapajani kwa Mama kama mtoto. Nilikwenda kumwokoa yeye, na yeye ndiye akawa ananisugua mgongo.

"Lia, mwanangu," akasema. "Tangu azikwe wewe wenda mbio tu."

Tulikaa hivyo mpaka muadhini akaanza kusafisha koo kwenye spika ya msikiti. Mama akafunika kopo la sukari. Akasema sindano ataikubali, kesho kutwa atakuja, Kadzo amfundishe. Ya chai tukayaacha pale pale.

Nilikuwa nimeshavaa viatu, nimefika mlango wa mbele, aliponiita.

"Mwanasha!"

"Abee, Mama."

"Kesho nipitie. Chai nitapika mimi, lakini sukari ya babako utatia wewe."

Nikamwambia inshallah, nitakuja. Nimeahidi upesi, kama watu wanavyoahidi wakiwa mlangoni. Kwenye feri ndipo nilipoelewa alichonikabidhi. Hakunitaka nimkataze. Ananitaka niwe mimi ninayemnyima Baba kijiko, siku baada ya siku, ili asiwe yeye.

Hapa jikoni mume wangu amepita mara mbili akitaka kuniuliza kitu, akaona uso wangu, akaniacha. Nitamweleza nikimaliza kuandika. Nitamweleza pia kwamba kuanzia sasa nitakuwa nikichelewa kurudi kila siku, si Ijumaa tu.

Vijiko vitatu vinamuua Mama. Nisipotia hata kimoja, nakiacha kile kikombe kuwa bati tupu. Labda nianze na viwili na nusu, aone ninavyopima kama niko maabara, tucheke tena. Labda wiki ijayo viwili. Sijui. Hakuna kipimo nilichosomea kinachonifundisha hili.

Kesho alasiri, nikishika kile kijiko na Mama ananitazama, nitatia vingapi?