Kaseti ya Mama Juu ya Njegere

Jumanne, 3 Juni

Basi, jana nilipokatishwa na wale wateja wa vitumbua nilikuwa nimefika hapa: mwalimu wa chuo analia. Mwanaume mzima, suruali imepigwa pasi, kakaa kwenye benchi la Fundi Mrisho wa redio, analia na kitumbua changu mkononi. Kisa kaseti. Kaleta kutoka Mazimbu boksi zima la kaseti za marehemu baba yake, na deki yake mwenyewe ya kuchezea, maana ya Fundi inatafuna mikanda. Fundi kafuta hedi, kile kichuma kinachosoma mkanda, kwa spiriti, kaweka kaseti, kabonyeza. Mle ndani mzee akacheka. Kucheka tu, hakusema neno. Mwalimu akaanza kulia.

Nikamwambia kula kwanza, kitapoa. Kala.

Mi nauza vitumbua kwenye baraza la Fundi miaka yote hii, nimeona redio zikifufuka mpaka nimezoea. Ila lile cheko la mzee limeniharibia. Tangu jana sina raha.

Maana na mimi ninayo kaseti. Ya Mama. Wakati huo nimeolewa Gairo, msichana tu, sijui hata kukaanga karanga. Mama hajui kuandika, mi mwenyewe kusoma kwa kuungaunga. Akaenda kwa katekista mwenye redio kaseti, akaongea upande wa kwanza, akageuza, akaongea upande wa pili. Akampa mtu wa kabeji ashuke nayo. Ikanifikia imefungwa kwenye jani la mgomba. Nikawa naisikiliza nikitwanga. Ndoa ilipoisha nikarudi nayo Mgeta, kwetu mlimani, Mama akaiweka sandukuni kwake. Mama kafa, mdogo wangu Yustina ndo kabaki na nyumba, na shamba, na sanduku.

Mle ndani Mama ananiita Chiriku. Sababu ya mdomo huu. Siku hizi wote wananiita Mama Getruda. Walioniita Chiriku wote wameshazikwa.

Nataka kumsikia. Basi.

Alhamisi, 5 Juni

Nimempigia Yustina. Salamu zote. Watoto wazima, baridi kali, njegere zimejaa. Nikamwambia Jumamosi napanda kuchukua kaseti ya Mama.

Akaanza halo, halo, eti mtandao. Mtandao gani, mbona jogoo wake namsikia vizuri?

Kuna kitu. Huyu namjua toka anatambaa. Akivunja chungu alikuwa anaanza kufagia uwanja bila kutumwa.

Leo kuna bibi kaleta redio ya mbao ya marehemu mumewe. Fundi kaifungua, ndani panya wamezaa. Bibi anasema ndo maana ilikuwa inakwaruza saa ya taarifa ya habari. Mpaka na panya tumecheka. Nimecheka kwa mdomo tu lakini.

Jumamosi, 7 Juni

Nina hasira. Naandika na hasira hivyohivyo.

Nimefika, Yustina hayupo nyumbani. Nikasikia shamba linavuma. Kama nyuki, ila sauti nyembamba. Nikashuka mteremkoni. Njegere zote zimezungukwa na miti imechomekwa, na toka mti huu mpaka ule imevutwa mikanda ya kaseti. Kahawia, inameta, upepo ukipiga inaimba. Ndege hawatui. Kule juu watu wengi wanafanya hivyo. Hata mimi nilishawahi kumsifia mtu kwa akili hiyo.

Nikarudi ndani, kwenye sanduku maganda ya kaseti. Matupu.

Yustina katokea, kasema alidhani zote ni za nyimbo. Ya Mama haikuwa na jina. Nani angeiandika jina, Mama? Mimi huyu, nikakaa kimya mpaka yeye ndo akaogopa.

"Dada, nitukane basi."

Sikumtukana. Nikaanza kufungua mikanda mtini.

Tumeizungushia kwenye magunzi ya mahindi, kipande na gunzi lake. Umande umeilamba, jua limeipiga, ndege wenyewe wameinyea kwa kisasi. Mingine imekatika. Kaseti tatu nne zimechanganyika, haijulikani Mama yupi na kwaya ipi. Yustina anazungusha analia. Kuna neno alisema pale, mi nikajifanya upepo umelichukua. Halafu akasema ndege sasa watamaliza njegere, na kuchuma ni wiki ijayo. Nikavua kitenge changu chekundu, nikakifunga mtini kiwatishe. Nikarudi mjini na gauni tupu, baridi yote ile, kikapu cha magunzi mapajani. Konda kauliza, mama, mjini magunzi ya nini? Nikamwambia mama yangu yumo humu. Hakuniuliza tena.

Kaseti inayoniita Chiriku inafukuza ndege. Mama angecheka mpaka akae chini. Mi sicheki.

Leo simpendi Yustina.

Jumatatu, 9 Juni

Fundi kacheka alipoona magunzi. Akaniangalia usoni, akaacha.

Kasema tujaribu. Kazi yangu kufuta, kwa fulana kuukuu, kavu, bila kuvuta. Yake kuunga vipande kwa selotepu na kuvirudisha ndani ya maganda kwa kalamu ya biki. Nikafuta kati ya mteja na mteja. Fulana ikawa kahawia. Nikamwonyesha, na majigambo, ona uchafu niliotoa.

Kaichukua taratibu. "Mama Getruda, huo siyo uchafu. Huo unga ndo wenye sauti."

Kumbe ukianza kutoka namna hiyo mkanda umeoza. Nikaacha palepale. Gunzi nililofuta ni la nani? Hajui. Sijui. Ile fulana nimeikunja, nimeiweka kwenye sidiria. Sijui kwa nini.

Jumanne, 10 Juni

Gunzi la kwanza kwaya. La pili kwaya. La tatu mtu anatangaza mpira, goli limeingia hata hatujui la nani.

Vitumbua vimeungua.

Mama alikuwa anavuta pumzi kabla hajaanza umbea. Moja ndefu. Ukiisikia ile pumzi unasogeza kigoda. Kucheka kwake nakumbuka, kukohoa nakumbuka. Ile pumzi nimeisahau ilivyo. Najaribu kuivuta mwenyewe, haiwi.

Alhamisi, 12 Juni

Tumempata.

Kwanza tulidhani shetani. Gunzi la kati, lile jembamba. Fundi kabonyeza, ikatoka sauti iko mbali kama mtu yuko kisimani, anaongea lugha isiyokuwepo. Nikapiga ishara ya msalaba. Fundi naye akasoma dua yake. Halafu akacheka. Kasema mkanda una uso na mgongo. Shambani ulijisokota, na sisi tukauzungusha hivyohivyo. Mgongo ukielekea kwenye hedi, mtu anasikika kwa mbali na anaongea kinyumenyume. Akakata, akaugeuza, akaunga upya. Kabonyeza.

Mtu kakohoa. Jogoo. Ni Mama.

Fundi kazima hapohapo. Nikataka kumpiga. Kanionyesha chini ya hedi: unga. Hata kwa kipande kile kifupi. Kasema mkanda huu utapita mara moja, mara ya pili tusiitegemee. Ile mara moja turekodi na simu. Na iwe kwenye deki ya mwalimu, ile ya Fundi inatafuna, Mama simweki humo. Mwalimu deki yake anaifuata Jumamosi jioni.

Nikasema washa sasa. Kidole chake kikawa tayari kwenye kitufe.

Halafu lile neno likanirudia, lile la shambani. Yustina alisema, "Wewe ulitumiwa sauti kwa sababu uliondoka. Mimi nilibaki, nani angenirekodia?"

Yeye ndo kamwogesha Mama mpaka mwisho. Kamlisha uji. Mi nilikuwa huku nauza vitumbua, nikipanda Krismasi na sukari. Na siku Mama anarekodi, Yustina alikuwepo, mdogo, kapakatwa. Yumo mule.

Nikamwambia Fundi subiri.

Nimempigia Yustina aje. Kasema hawezi. Wachumaji wanakuja kesho, na kitenge changu ndege wameshakizoea, wanatua juu yake wanapumzika. Nikasema haya. Nimekata simu nikakaa.

Tunangoja Jumamosi hivyohivyo. Naogopa. Asipokuja nitasikiliza peke yangu, na najua haitakuwa tamu.

Ijumaa, 13 Juni

Yustina hapokei.

Mwalimu kapita kuulizia deki. Nimempa vitumbua vya bure asiharakishe. Nimeongea naye mpaka akasahau alichofuata.

Jumamosi, 14 Juni

Mchana mzima macho barabarani. Jua limeanza kuinama, Fundi anatazama saa. Mwalimu kashafika, kakaa kwenye benchi, kamwambia Fundi hana haraka. Mungu ambariki yule mtu.

Nikaona kitenge changu chekundu. Kimefuliwa, kimepigwa pasi, kiko begani kwa Yustina, na kiroba cha njegere kichwani. Matope mpaka magotini. Hakusalimia mtu. Kauliza, mmeshasikiliza? Nikasema bado. Akatua kiroba, akakaa.

Fundi kafunga mlango kupunguza kelele. Simu yangu haina tundu la waya, ikabidi kuilaza mbele ya spika. Akasema sasa wote kimya. Akanitazama mimi tu.

Pumzi. Ile ile. Ndefu.

"Chiriku. Chiriku wangu, umekula?"

Sikumbuki nilifanya nini. Yustina kanishika mkono.

Halafu Mama akaanza kazi yake. Nani kamtorosha binti wa nani. Nguruwe wa jirani kaingia kanisani wakati wa mahubiri, na padri kaendelea tu. Shemeji yetu kanunua viatu vinavyolia, sasa hawezi tena kurudi usiku kimyakimya. Sauti inapotea, kama ukungu unavyofunika mlima, tunainamia spika, inarudi iko katikati ya habari ya mtu mwingine. Hatujui viatu viliishia wapi. Tunacheka na machozi. Mwalimu naye.

Mwisho akasema, "Yusta huyu hapa nimempakata. Haya, msalimie dada yako. Sema shikamoo dada."

Mkanda ukawa unavuma tu. Mtoto anapumua karibu kabisa na maiki. Hakusema.

"Ana aibu," Mama akasema. "Basi tena. Geuza, nilichokuitia hasa kiko upande wa pili."

Yustina, mwanamke mzima, matope magotini, akaifunika midomo kwa kitenge. Akaiachia.

"Shikamoo dada."

Nikasema marahaba.

Fundi kageuza. Upande wa pili hakuna sauti. Kuchemka tu, kama mafuta kabla hujamimina unga. Tumengoja mpaka mwisho. Hakuna.

Yustina kauliza, kwani alisema nini huko? Huko nakujua kwa moyo, nimekusikiliza Gairo mpaka mchi ukazoea. Nikavuta pumzi nikamwambia kama alivyosema yeye. Kwamba nikichoka nirudi. Kwamba shamba letu lilikuwa la bibi, na la mama yake bibi, linapita kwa wanawake, hakuna mume wala kaka wa kutufukuza. Na nikirudi nisirudi usiku kama mwizi, nirudi mchana watu waone.

Nilirudi mchana. Yustina anasema anakumbuka, alikimbia kunipokea begi.

Fundi kasema kaeni na ganda, mkanda umeshamaliza kazi. Mwalimu kabeba deki yake.

Jumapili, 15 Juni

Tumetoka misa. Yustina kalala kwangu, kesho anapanda. Wachumaji wamemalizana na njegere, ndege wamebakiziwa zao.

Asubuhi tumefungua simu, tumsikilize Mama tena.

Kumbe sikunyamaza. Wala sikujua. Mle kwenye simu Mama anasema umekula, na mtu anajibu, "Nimekula Mama." Mama anasema nguruwe, mtu anasema, "Usiniambie." Mama anasema viatu, mtu anasema, "Eee, na alivyo mzito." Mwanzo mpaka mwisho. Sehemu nyingine namfunika kabisa. Fundi alikuwa ananitolea macho, nilidhani analia.

Nimejisikia vibaya. Nimeharibu. Yustina kasikiliza mara mbili, halafu akasema usifute. Kasema ndo mlivyokuwa wewe na Mama mkikaa jikoni, hakuna siku mlipokezana, mnaongea wote na mnasikiana. Na yeye sasa yumo, shikamoo yake inasikika vizuri kuliko vyote.

Ganda la kaseti nimeliviringisha kwenye ile fulana yenye unga. Nimeandika jina juu. Nimeandika MAMA, herufi zimelala upande.

Nimekaa mlangoni. Mlima umetoa kichwa leo, unaonekana mpaka juu. Yustina yuko jikoni ananukisha nazi. Nilitaka niandike na lile la viatu, maana katika kufikiria nimekumbuka vilikoishia, ilikuwa hivi, shemeji alivua, akavibeba mkononi, kufika mlangoni

Ananiita. "We Chiriku, njegere zimeiva, njoo ule."