Miguu Iliyonyamaza

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Kuna mlio mmoja ambao haujanitoka masikioni tangu Jumapili uliyoondoka: ti, halafu kimya, halafu ti. Ulikuwa mdogo sana. Wewe usingeweza kuusikia, maana ulikuwa umeshika kipaza sauti. Natumaini u mzima, hoteli ni nzuri, na washauri wa afya wenzako wanakupigia makofi ya kutosha. Sisi huku tunaendelea. Mama amelazwa. Barua hii naiacha juu ya maboksi yako sebuleni kwa sababu simu zangu hupokei, na ile mara moja uliyonijibu ulituma ujumbe wa sauti ukisema nimwongezee Mama matone mawili ya dawa yako.

Nianze na Jumapili hiyo. Ukumbi ulijaa, nakupongeza. Mtu aliyekuwa akiuza makava ya simu hadi juzijuzi alisimama mbele ya watu wazima na akili zao, wakamwita Daktari, naye akaitika. Ulieleza kwamba mishipa ya fahamu ndiyo inayobeba sukari, na kwamba matone yako huizibua kama bomba la sinki. Niliinua mkono. Ukawaambia wasinijali, huyo ni mdogo wangu, Profesa wa Vyura, mwalimu wa biolojia, amesoma hadi akasahau kuolewa. Walicheka hadi viti vikalia. Nikakaa chini.

Sasa kaa wewe. Mwili una njia mbili za kupeleka habari. Mshipa wa fahamu ni kama kumwita mtu mmoja kwa jina lake: anasikia papo hapo, anageuka, basi. Homoni ni tangazo. Linatiwa kwenye damu, linazunguka mwili mzima bila haraka, linapita mbele ya kila mlango, na anayeitika ni yule tu linayemhusu. Insulini ni tangazo la kongosho: fungueni, sukari imefika. La Mama lilififia zamani, ndiyo maana alikuwa akijidunga sindano, ili tangazo lisomwe kwa niaba yake. Wewe uliitoa insulini yake kwenye friji ili chupa zako zipate nafasi. Nilipokuuliza, ulisema sindano ni za watu waliokata tamaa.

Sukari isiyo na pa kuingia hubaki kwenye damu na kuiharibu mishipa ya fahamu, na huanza na mirefu kuliko yote, ile inayofika miguuni. Mwanzoni mishipa hiyo hupiga kelele. Unakumbuka Mama alivyokuwa akilala na miguu nje ya shuka, akisema inaungua. Kisha inakufa, na kilichokufa hakilii. Nawe ukampandisha jukwaani aseme kwamba miguu haiungui tena, ukauuliza ukumbi ni nani amefanya maajabu haya, wakajibu kwa sauti moja: matone! Ulishangilia msiba, Daktari, na kuufanya tangazo la biashara.

Aliposhuka ndipo niliposikia. Ti kwenye sakafu ya saruji, kila alipokanyaga mguu wa kulia. Nilisimama kabla sijajua nasimama kwa nini. Hiyo ni kazi ya mishipa. Magoti yalitetemeka njia nzima hadi nyumbani, na hata nilipoketi yalikuwa bado. Hiyo ni homoni, ikishaingia kwenye damu haifukuziki. Wewe ulikuwa umeshapanda gari kwenda kuchukua zawadi yako ya mauzo huko hotelini. Nilimvua Mama ndala. Pini ya bango lako, lile lenye picha yako na koti jeupe la kuazima, ilikuwa imepenya ndala na kuzama unyayoni. Akaniuliza natafuta nini huko chini. Chini ya vidole palikuwa na kidonda kingine, cha siku nyingi, cheusi, kinanuka, na mwenyewe alikuwa akikitembelea tu.

Hospitali muuguzi alimwambia afumbe macho, yeye atamgusa nyayo kwa uzi wa plastiki, na Mama aseme "hapo" kila anapohisi. Mama alisema "hapo" kwa adabu zake zote, hata uzi uliporudishwa mezani. Vidole viwili vimekatwa. Insulini ameanza tena. Mguu wenyewe wanadhani utapona, ikiwa hakuna mtu atakayemtibu tena nyumbani.

Kuna jambo amenikataza kukwambia, nami nakwambia. Nilipomlalamikia kwamba umemdanganya, alinitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wangu wazito. Alisema miguu ilinyamaza kabla hujaleta hata chupa ya kwanza. Alijua matone hayajafanya kitu. Lakini tangu utoto wako hakuwahi kuona mtu akikupigia makofi, na alipoyasikia siku ile ya kwanza, akaapa moyoni atapanda jukwaani kila utakapomwita. Kisha dharau yangu ikakurudia wewe na kuzidi, Kaka, kwa sababu hata kumdanganya hukuwahi kumdanganya. Hata hilo lilikushinda.

Barua ilikuwa imeishia hapo. Jana, Jumapili, watu wako walikuja kama kawaida, ukumbi wazi, wewe hupo. Nilikwenda mbele nikawasomea yote, kuanzia shikamoo. Aya ya siri ya Mama niliiruka. Hiyo ni yako peke yako. Hakuna aliyecheka. Dereva mmoja mstaafu alivua viatu, akainua miguu juu ya kiti, akaniambia, mwanangu, hebu nitazame, mimi nilidhani nimepona. Nikapiga magoti. Wengine wakaanza kulegeza kamba za viatu. Sikumtibu mtu, mimi si Daktari. Nilitazama nyayo tu, na waliokuwa na vidonda nikawapeleka hospitali mimi mwenyewe. Nimeshazungumza na mwenye ukumbi. Amekubali, Jumapili sasa ni zangu.

Mama anakusalimu sana na anauliza kama unakula vizuri. Ukirudi, karibu ukumbini. Safu ya nyuma ina nafasi.

Ni mimi,
Mdogo wako