Jiwe la Mlango wa Maharusi

Hildesheim, 20 Oktoba 1957

Dada yangu mpenzi Elfriede,

Pokea salamu zetu, nyingi kuliko theluji ya huko Kanada. Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tu wazima. Mama goti linamsumbua, ila ulimi, Mungu ashukuriwe, haujapata hata mafua.

Dada, kanisa letu la Mtakatifu Gertrud limesimama! Lile uliloliacha bila paa tangu siku ya mabomu limefunguliwa Jumapili iliyopita, na kengele zimelia mpaka njiwa wakahama mtaa. Nililia mbele za watu wala sikuona haya.

Lakini nusura Mlango wa Maharusi, ule wa kaskazini wanaoingilia wanaooana, ubaki na pengo. Kiangazi padri alitangaza kwamba kila aliyeokota jiwe la kanisa alirudishe, hataulizwa kitu. Watu wakaja na mikokoteni. Bi Bolte, jirani yetu, alibomoa banda lake lote la kuku alilolijenga kwa mawe hayo. Unamjua mama: miaka yote alimwita mwizi wa Mungu, na siku hiyo alisimama dirishani amtazame akipakia. Likakosekana moja tu, lile lenye waridi la kuchongwa, linalofunga tao pale juu. Fundi Osterkamp, mchonga mawe, akasema ikibidi atachonga jipya, ila tao litajua.

Mimi nilijua lilipo. Lilikuwa jikoni kwetu, ndani ya mtungi, limekandamiza kabichi ya kuchachusha.

Wiki tatu nilikosa raha. Nikilirudisha, mama ataficha wapi uso wake mbele ya Bi Bolte? Nisiporudisha, maharusi wa mji huu watapita chini ya uongo wangu. Mwishowe, Jumamosi asubuhi, nililitoa mtungini nikalibeba kwa aproni mpaka kanisani, waridi juu, watu wote wakitazama. Fundi alilinusa, akacheka, akasema bahati yetu ni jiwe la mchanga. Lingekuwa la chokaa, uchachu ungelila likaisha. Akalipandisha. Likakaa mahali pake bila kugongwa hata nyundo moja! Kofia zikarushwa juu.

Ndipo Bi Bolte akapaza sauti: "Kumbe mwizi wa Mungu anapenda kabichi!"

Nikatamani ardhi inimeze. Kumbe mama alikuwa amenifuata akichechemea, akamjibu palepale: "Mwenzio nililitia chumvi lisioze. Yako yamenyewa na kuku!" Fundi karibu aanguke ngazini, na Bi Bolte mwenyewe akashika mbavu.

Sasa nikwambie nisichowahi kumwambia mtu. Nyumbani nilidai kwamba jiwe lile nimeliokota mtoni. Nilidanganya. Nililichomoa kwenye kifusi kwa hasira. Albert wangu aliniahidi kwamba akirudi kutoka vitani tutapita mlango ule. Habari ya kifo chake ilifika wiki ileile ya mabomu. Nikamwambia Mungu kwamba kama mlango wangu umebomoka, basi na jiwe lake likae kwenye kabichi.

Jumapili, kabla ya ibada, nilimwungamia mama. Hakushtuka. Akasema alijua tangu vuli ya kwanza, alipoliosha, vidole vyake vikagusa waridi; yeye na marehemu baba walipita chini yake. Nikamuuliza kwa nini basi alinyamaza. Akasema alingoja siku nitakayolibeba mwenyewe. Nikamuuliza, na kumwita Bi Bolte mwizi je? Akasema hilo ni jambo jingine.

Tulipofika kanisani, watu walikuwa wakiingia kwa mlango mkubwa. Mama akanishika mkono, akanivuta upande wa kaskazini, akasema sisi tunapita hapa, bwana harusi awepo asiwepo. Tukapita chini ya waridi, dada, kichwa juu, na hasira yangu ya miaka kumi na miwili ikabaki nje.

Mama anakusalimu, busu watoto wote. Kabichi ya mwaka huu tumeikandamiza kwa tofali. Kalileta Bi Bolte, na ameapa kwamba hili alilinunua.

Ni mimi mdogo wako, mwizi aliyetubu,
Irmgard